Tulivyokwenda Shinyanga Kupima Mji wa Mimba

Baada ya miaka minane ya ndoa, mimi na Masanja tulikuwa tumebakiwa na kiinitete kimoja tu, mbegu zetu zilizotungishwa maabara, kimegandishwa kwenye kliniki moja mjini Shinyanga. Viwili vya mwanzo vilipandikizwa, havikushika. Safari hii daktari alitaka apime kwanza kama damu inafika vizuri kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba, pale mimba inapojishikiza. Masanja, mchimbaji, alikuwa amefika kliniki mara moja tu, siku ya kutoa mbegu. Mara hii akasema, “Tutaenda wote.”

Saa kumi na mbili asubuhi tukaondoka nyumbani Kalangalala, Geita. Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, alitusindikiza hadi mlangoni. Nilijua amekwisha kumwona binti fulani kijijini, wa kumwoza mwanawe awe mke wa pili.

Kahama tulishuka Nyasubi kwa Mama Kulwa, jirani yetu wa zamani Mwadui, kwenye mgodi wa almasi nilikozaliwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu! Mwangaluka!” akaongeza salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Akatuandalia chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. “Unakumbuka mama yako alivyokuwa akikusuka barazani? King’ora cha mgodi kikilia, unachomoka na nywele nusu kwenda kumpokea baba.”

Nilikuwa nimekisahau king’ora kile. Mama amefariki zamani, na hakuna mwingine anayenikumbuka nikiwa na nywele nusu.

Saa nane mchana, Shinyanga. Nilipanda kitandani, nikafunikwa shuka. Daktari, mama wa makamo, akaanza kipimo cha altrasaundi. Kwenye skrini kulikuwa na kivuli cha kijivu tu. Akabonyeza kitufe, zikatokea rangi nyekundu na buluu, zinacheza kama makaa yanayopulizwa.

“Hii ni damu kwenye mishipa,” alisema. “Utando umefikia unene tunaoutaka. Lakini tazameni, damu inaishia pembeni. Katikati haijafika.”

Masanja alisogea karibu. “Kwa hiyo ni kosa lake?”

“Hakuna kosa, baba. Mwili hubadilika mwezi hadi mwezi. Mimi ningeshauri tusubiri, tupime tena mwezi ujao. Na nisiwadanganye: hata damu ikifika vizuri, kipimo hiki hakiahidi mtoto.”

Masanja hakuyatoa macho kwenye skrini. “Inatembea muda wote hivi?”

“Muda wote.”

Tukakubali kusubiri.

Tulilala hapohapo mjini, na kesho yake asubuhi nilidhani tunarudi. Masanja akasema, “Twende kwanza Mwadui, ukaone kwenu.” Tukaomba ruhusa getini, tukaingia. Nyumba yetu ilikuwa na rangi nyingine, na mama nisiyemjua alikuwa akianika nguo. Nilipomweleza alinikaribisha ndani. Dirisha la jikoni lilikuwa lilelile, dogo, linatazama barabara ya mgodini. Hapo ndipo nilipolia, mimi ambaye kliniki sikudondosha chozi. Masanja alisimama nyuma yangu, ameshika mkoba wangu wa kike bila kuona aibu.

Jioni tulifika Geita. Mama mkwe alikuwa akisonga ugali.

“Wamesemaje?” akamuuliza mwanawe, si mimi.

“Wamesema tusubiri. Mama, nimeiona damu ya mke wangu kwa macho yangu. Yupo mzima. Yule binti waambie kwao wamwoze kwingine.”

Mwiko ukasimama. Kisha mama mkwe akapakua, na sahani ya kwanza akanipa mimi.

Mwezi uliofuata damu ilifika katikati. Kiinitete kikapandikizwa. Hakikushika.

Miaka imepita, na bado tuko wawili. Watu hudhani safari ile ni donda kwangu. Kumbe naikumbuka kwa hamu. Nilikwenda nikiamini mwili wangu ni shamba kavu, kama nilivyoambiwa miaka yote. Nikarudi na mume aliyeona kwa macho yake, na hakuna tena aliyeweza kumsimulia mimi ni nani.