Saini ya Mzee Brashi

Hakukuwa na duka mtaani ambalo Mzee Brashi hakuliandika jina. Kinyozi, mchinjaji, fundi viatu, wote mabango yao yalitoka mkononi mwake, na herufi zilinyooka hata ukadhani zimepigwa chapa. Alijivunia jambo hilo kupita kiasi, tuseme ukweli. Ukimwonyesha bango la mtu mwingine lenye herufi iliyopinda, atakuhubiria mpaka ujute kumsalimia.

Mtaa haukujua kwamba mkono ule wa kulia ulikuwa unatetemeka. Alikuwa ameanza kufanya kazi alfajiri, kabla watu hawajafungua milango, mkono ameuegemeza kwenye fimbo, mstari mmoja akiupitia mara tatu. Mteja akitaka kutazama, anaambiwa rangi inahitaji utulivu. Mkewe angeligundua siku ya kwanza, lakini mkewe alikuwa na mwaka wa nne kaburini. Mwanawe wa pekee aliishi mjini humohumo, ila kumwona ilikuwa bahati nasibu.

Mara ya mwisho mwana huyo alikuja mbiombio, akaomba hati ya nyumba akaitoe nakala. Mzee alimpa bila hata kufungua bahasha. Usipomwamini mwanao, utamwamini nani? Hati haikurudi. Aliyekuja ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na watu wawili wenye futi kamba, wakaanza kupima sebule mzee akiwa humohumo anakunywa chai.

"Samahani, mzee," alisema mnunuzi, maana alikuwa na adabu zake. "Nyumba nimeshanunua. Saini yako hii hapa. Mwisho wa mwezi tunavunja."

Mzee Brashi alivaa miwani. Saini ilikuwa ile yake hasa, yenye mkia mrefu, safi, haina doa. Ila hakuwa ameiandika yeye.

Wakili aliyempata alikuwa binti wa juzi tu, lakini kichwa chake kilikuwa kinachemka. Alimweleza taratibu kwamba kesi ya kughushi inaweza kula miaka; cha haraka ni zuio la muda, yaani amri kwamba nyumba isiuzwe tena, isivunjwe wala isiguswe mpaka kesi isikilizwe.

"Lakini hakimu hatoi zuio kwa huruma, babu. Lazima aone dalili za udanganyifu. Na hii saini na ile ya kwenye kitambulisho chako ni mapacha. Tutasemaje?"

Mzee aliivuta bahasha karibu. Kisha akachukua kalamu, akatia saini nyuma ya bahasha. Binti aliitazama, uso ukamng'aa.

"Hii ndiyo kesi yetu. Utaiandika hivihivi mbele ya hakimu."

"Kutakuwa na watu?"

"Watajaa."

Siku tatu alizunguka vyumbani. Nyumba aliitaka, maana ndimo alimoishi na mkewe na hakuwa na pengine pa kwenda. Jina lake alilitaka pia. Kumwuliza mtu amshauri hakuweza, maana ingebidi kwanza amwonyeshe mkono.

Siku ya siku ilipofika, kinyozi na mchinjaji walikuwa wamekaa benchi la nyuma. Walikuja kumuunga mkono, Mungu awasamehe. Wakili wa upande wa pili alisema saini ni ileile, mzee anajisahaulisha tu. Mwana alikaa nyuma ya wakili huyo, kichwa chini.

"Apewe karatasi," hakimu akasema. "Tia saini mara tano, mzee."

Fimbo ya kuegemea haikuwepo. Mkia mrefu ulikatika njiani mara ya kwanza, na mara ya pili pia. Ya tatu karatasi ikachanika. Kinyozi akaanza kuangalia dari. Hakimu alizilinganisha karatasi, akasema zuio limetolewa mpaka kesi ya msingi iamuliwe.

Nje, kinyozi alimsalimia kwa heshima nyingi mno. "Hongera, mzee. Na lile bango langu jipya, wala usihangaike."

Mzee alisema asante. Alipogeuka, mwanawe alikuwa mbele yake.

"Baba, mkono ulianza lini?"

Hapo ndipo mzee alipoelewa. Kijana aliiga saini ya mkono aliouacha nyumbani alipohama, hakujua kwamba mkono ule haupo tena. Katika miaka hiyo yote, huyu ndiye mtu wa kwanza kuuliza.

"Babu, twende," binti alisema. "Hamtakiwi kuzungumzia kesi." Mzee akamfuata.

Nyumbani, peke yake, alitundika koti, akakaa kitandani upande wake, ndipo akamjibu mwanawe. Alisema ulianza kwenye kidole gumba, mwezi wa pili baada ya msiba, akichovya brashi, akadhani ni njaa. Alisema vifungo vya shati siku hizi vinamshinda. Alisema alishawahi kushika simu ili ampigie amweleze, akaona atamsumbua. Alieleza yote polepole, kwa sauti, bila kuruka kitu. Alipomaliza alisubiri kidogo, akimpa mwanawe nafasi ya kusema.