Mwenyekiti, Pande Zote Sita

Mwandiko wangu ni mkubwa na wazi, na kwa miaka mingi niliuringia. Kazi yangu hapa Guangzhou ni kuwanunulia watu wa nyumbani nguo na kuwafungia mizigo, na mzigo usio na jina ndio umeupoteza hivyo. Tunaandika kwa kalamu nene ya wino mweusi, pande zote sita za katoni: jina la mwenyewe, namba ya simu, mji. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jina laweza kumfunga mtu.

Jirani yangu alikuwa binti Mrusi, ila si wa Urusi. Alizaliwa katika nchi ndogo iliyomeguka kutoka Umoja wa Kisovieti, ambako watu wa kabila lake ni wachache na lugha yao inaondolewa shuleni. Alinunua nguo katika soko la Shahe kwa ajili ya duka la shangazi yake. Tulitumia jiko moja na Kichina kibovu kimoja. Aliniita jie, yaani dada mkubwa, nami nikamwita mdogo wangu.

Siku moja, akimenya viazi, aliniambia baba yake ameanzisha chama. Mimi ni Mkenya. Kwetu ukisema chama, naona akina mama kumi wanaochangishana pesa, na birika la chai. Nikamuuliza wanakutana nyumbani kwa nani. Alicheka hadi kisu kikamponyoka.

Lakini sikuwa mbali sana. Baba yake, mwalimu mstaafu wa fizikia, alianza na wazee wachache katika chumba cha maktaba, wakidai watoto wafundishwe Kirusi na fomu za hospitali ziandikwe kwa lugha ambayo bibi zao wanaisoma. Uchaguzi ulipofika, wawili wao wakaingia baraza la mji. Mzee akanunua suti. Binti akaanza kuniagiza fulana, kisha skafu, kisha kofia za sufu zenye nembo ya ndege mweupe. Nikawa nasema "chama chetu", kama vile nina kadi.

Kisha vita vikalipuka jirani na kwao, na kila Mrusi akatazamwa kwa jicho baya. Serikali ikasema chama ni kipaza sauti cha taifa la nje, ikakipeleka mahakamani. Siwezi kuapa kwamba yote yaliyosemwa huko yalikuwa uongo. Walikuwamo watu waliosifu mabomu hadharani, na mzee hakuwafukuza. "Watoe, baba!" binti alipiga kelele kwenye simu, mpaka nikazima jiko nikatoka.

Kofia za mwisho zilikuwa tayari. "Zitume, jie," aliniambia, "ila kimya kimya." Mimi nikadhani anaogopa wezi wa bandarini.

Nikazipeleka mtaa wa Liuhua, kwa mfungaji wangu wa mizigo, baba mmoja wa Lubumbashi.

"Mama, hii ma-colis haina jina," alisema. "Kule ku-douane, kwa watu wa forodha, watauliza ni ya nani."

"Lete kalamu," nikamwambia.

Nikaandika mwenyewe. Jina la baba yake, simu, mji. Halafu nikaona aibu, maana nilikolelewa mimi mzee hatajwi kwa jina tupu, kama mtoto mwenzako. Juu ya jina nikaongeza cheo, kwa Kiingereza ili kila mtu aelewe: Chairman, yaani Mwenyekiti. Pande zote sita, katoni zote nne.

Mzigo ulikuwa bado njiani mahakama ilipokipiga chama marufuku. Kuanzia siku hiyo, kukiongoza ni kosa. Katoni zikafika baadaye, zikitangaza kwamba mwenyekiti bado ni yeye na anapatikana kwa namba gani. Polisi walimchukua mzee akiwa anakunywa chai na mkewe.

Binti aliniletea simu Shahe, katikati ya mikokoteni. Gazeti la kwao lilikuwa limetoa picha ya katoni.

"Huu ni mwandiko wako," alisema. Hakuwa anauliza.

"Niliandika cheo kwa heshima, mdogo wangu."

"Najua. Ndiyo maana nashindwa hata kukukasirikia."

Afadhali angenitukana. Sijawahi kujichukia kama siku ile, na bado najichukia.

Yeye kurudi kwao hawezi. Jina lake limo katika jalada la kesi ya baba yake. Baridi ilipoingia, gereza liliruhusu mfungwa atumiwe koti moja, kwa sharti kwamba jina lake liandikwe kikamilifu juu ya kifurushi. Alishika kalamu, kisha akanisukumia mimi. Niliandika jina tupu, upande mmoja tu.

Baada ya miezi miwili kifurushi kikarudi. Jina lilikuwa limekatwa kwa mstari ulionyooka, wa rula, na pembeni pamegongwa muhuri. Alinisomea kwa Kichina, nami nikausikia kwa Kiswahili: mpokeaji hayupo.

"Hayupo vipi?" nikamuuliza. "Amehamishwa, au...?"

"Hawakuandika."

Amepiga simu gerezani kila siku, wanakata. Mama yake naye hajui lolote. Koti tumelitundika kwenye msumari jikoni. Katoni iliyobeba koti amekataa niitupe. Iko chini ya meza, na kila nikiinama kuchukua viazi nasoma mwandiko wangu.