Mshona magunia wa Kasenga na orodha ya wafanyakazi waliokwisha kufa

UVIRA, Februari 2004 – Ni saa moja kasoro asubuhi. Mashine ya kusaga muhogo bado haijawashwa, lakini Pontien Ndikumana amekwisha kushona magunia manne. Ameketi kwenye kigoda nyuma ya ukuta wa mashine hiyo, mtaani Kasenga, miguu ameinyoosha na gunia la tano limelala mapajani. Anatia mkono ndani na kutafuta tundu kwa vidole, si kwa macho.

Uzi hanunui. Anaufumua kutoka kwenye magunia yaliyochakaa kabisa, anausokota, kisha anauingiza kwenye shazia, ile sindano nene ya magunia. Asubuhi hii uzi umekataa mara tatu. Mara ya nne anamwita mkewe, Capitoline.

"Nitilie hii. Macho bado inalala."

"Mwaka wa pili sasa inalala," anajibu Capitoline. Anauingiza uzi mara moja na kurudi jikoni.

Kila gunia humpatia faranga kumi. Siku nzuri hushona arobaini, siku nyingine ishirini, kutegemea wafanyabiashara wa unga wanaotoka Sange na kama barabara imefunguka. Ana miaka hamsini na minne. Muuguzi mmoja alimwambia jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linafuata.

"Siku moja gunia itanishona minye mwenyewe," anasema, na kucheka peke yake.

Ungedhani mtu wa namna hii angekuwa wa kwanza kupanga foleni mwezi huu, baada ya misa, lilipotolewa tangazo la posho ya serikali kwa waliopoteza ajira kwa sababu ya vita. Dola kumi na tano kwa mwezi, kwa miezi sita. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Ijumaa. Hadi Jumatano, Pontien hakuwa ameuliza hata ofisi iko wapi.

"Nani anakupatia pesa juu ya kazi haufanye?" anauliza. "Tena vita yenyewe haijaisha? Minye nilisha kusikia hii maneno. Ingieni mu listi, mutalipwa. Ni vile vile walisema."

Anayakumbuka maneno hayo vizuri. Kwa miaka kumi na tisa Pontien alikuwa mshonaji wa midomo ya magunia katika kiwanda cha pamba kwenye bonde la Ruzizi, si mbali na Sange. Oktoba 1996, watu wenye silaha waliingia uani wakiwa na orodha ya mishahara iliyochukuliwa kwa karani. Waliwatangazia wafanyakazi kwamba leo ni siku ya malipo, wakaanza kusoma majina. Wanaume kumi na mmoja waliitika na kupanda lori. Hakuna aliyerudi.

Pontien alikuwa chini kidogo kwenye orodha. Lori lilijaa kabla ya jina lake kufikiwa.

Miaka miwili baadaye, Agosti 1998, wakaja wenye silaha wengine. Hawa walikuwa na adabu. Waliomba karatasi moja tu yenye majina ya wafanyakazi wote, ili wapewe kitu cha kuwatia moyo. Msimamizi wa kazi, Déogratias, alilaza karatasi juu ya mzani wa pamba na kumpa kalamu aliyesimama karibu.

"Hakuna muntu alisema kitu," anasimulia Pontien. "Wa kwanza aliandika jina ya mama yake, marehemu. Wa pili akaona, naye akaandika jina ya kaka yake, marehemu. Minye nikaandika Ngendakumana. Ni baba yangu. Alikufa mwaka wa themanini na tisa, mulimaji wa mupunga, hajaingia mu kiwanda hata siku moja."

Majina arobaini na matatu yaliandikwa hivyo. Kila mtu alimtoa marehemu wake, kwa kuwa marehemu hawezi kuchukuliwa mara ya pili. Usiku huo huo wafanyakazi walitawanyika. Kiwanda kiling'olewa mabati, kisha mashine, kisha milango. Hakuna aliyepata barua ya kuachishwa kazi.

Hapo ndipo ugumu wa posho hii unapoanzia. Masharti yaliyobandikwa ofisini yanadai kadi ya kazi, au barua ya kuachishwa, au jina kwenye orodha inayotambulika. Aliyeacha kazi siku tatu mfululizo bila kufukuzwa hahesabiwi kuwa amepoteza ajira.

"Risasi ndiyo ilikuwa direkta siku ile," anasema Pontien. "Ilisema tutoke, tukatoka. Sikuiomba barua."

Jumatano mchana, Georgette Niyongabo alishuka kutoka basi dogo la Sange akapitia ofisini, kisha akaja nyuma ya mashine. Alikuwa mchambuaji wa pamba kiwandani, mjane, na ni mwanamke anayecheka kabla ya kusalimu.

"Papa Pontien, tuko ku ukuta wa biro ya posho!" alisema. "Listi yetu ya pale ku mzani! Baba yako iko namba kumi na saba. Shangazi yangu Pudentienne iko ishirini. Wafu wote wamepata kazi!"

Pontien hakucheka. Aliweka shazia chini.

"Ile karatasi walipeleka wale wenye silaha," alisema. "Imefikaje ku serikali?"

Hilo ndilo swali alilokwenda nalo ofisini Alhamisi, pamoja na Georgette. Chumba kina meza moja, viti viwili na benchi. Aliyeketi mezani ni Marcellin, kijana mwenye tai, ambaye anasema aliajiriwa mwaka jana. Foleni ilifika hadi uani.

"Weye ni Ngendakumana?" aliuliza Marcellin, Georgette alipomwonyesha namba kumi na saba.

"Nani anauliza?"

"Ni minye, papa. Marcellin, agent."

"Marcellin wa nani?"

Watu walicheka kwenye benchi. Marcellin alitaja baba yake na mtaa wao, kwa uvumilivu, kama mtu aliyeulizwa hivyo tangu asubuhi.

"Hii listi ilitoka wapi?" Pontien aliendelea.

"Ilikuja na meza."

"Meza gani?"

"Hii. Tulipewa meza za utawala wa zamani. Ilikuwa mu drowa."

"Na mwenye meza alienda wapi?"

"Sijui, papa. Minye nilikuta meza."

Kisha Marcellin aliinama na kupunguza sauti. Alimweleza kwamba kuna njia mbili. Pontien angeweza kutia sahihi mbele ya jina la Ngendakumana, na wiki ijayo angepokea posho ya kwanza. Au angeandika jina lake mwenyewe, akalete mashahidi wawili kati ya walioiandika orodha ile ile, na jalada lingepelekwa Bukavu. Huko lingekaa miezi mitatu, au zaidi, au lingepotea.

"Chukua njia fupi, papa," alisema. "Wote wanaichukua."

Georgette aliichukua palepale. Alitia sahihi kama Pudentienne, kwa herufi kubwa, akamwambia Pontien, "Shangazi alinilea. Anilishe na leo." Pontien alitoka bila kugusa kalamu.

Jioni hiyo, nyumbani, Capitoline hakumficha mawazo yake. Amekuwa akiuza unga wa muhogo kwa kuzunguka, beseni kichwani, na meza moja sokoni ingemgharimu dola thelathini. Ni posho ya miezi miwili. Jicho la mumewe likifunga kabisa, meza hiyo ndiyo itakayolisha nyumba.

"Baba alikupenda," alimwambia. "Hawezi kukukasirikia."

"Shida si baba. Shida ni wale wazima. Nikisinye Ngendakumana, siku wakitaka kunifunga karatasi iko tayari: huyu anakula na jina ya marehemu."

"Basi andika yako."

"Nikiandika yangu, watajua niko muzima."

Capitoline alifunika beseni la unga. Baadaye alisema jambo ambalo Pontien anakiri lilimkosesha usingizi: "Na sasa, Pontien, nani anajua uko muzima?"

Marcellin, alipoulizwa na gazeti hili, alisema hana nia ya kumtega mtu yeyote. Ana orodha moja tu, na anaogopa fedha zitarudishwa kabla hazijawafikia wenye haki. "Nikiandikia Bukavu kwamba wafanyakazi arobaini na watatu wote ni wafu, watafunga dosye," alisema. Alisema hivyo huku akiangalia vidole vyake. Huenda ni ukweli mtupu. Katika mji huu, mtu mkweli na mtu wa hila wamezungumza lugha moja kwa muda mrefu, na si rahisi kumlaumu anayeshindwa kuwatofautisha.

Ijumaa asubuhi Pontien alikwenda kwanza kwa Déogratias, yule msimamizi wa zamani, ambaye sasa hutengeneza baiskeli. Mzee huyo alisikiliza, akafuta mikono kwa kitambaa, akachukua kofia yake.

Ilibaki kumpata shahidi wa pili. Georgette alikuwa uani mwa ofisi, amekuja kuulizia tarehe ya malipo.

"Unaniharibishia pesa yangu, papa," alisema alipoelezwa. Safari hii hakucheka. "Nikisema minye ni Georgette, Pudentienne anakufa tena. Na posho inakufa naye."

"Najua."

"Minye niko na wajukuu watatu."

"Najua, mama. Sikulazimishe."

Pontien aliingia na Déogratias. Marcellin aliwaambia shahidi mmoja hatoshi. Walisimama pale mezani, foleni ikiwasukuma kwa nyuma, hadi Georgette alipopita katikati ya watu na kuweka kiganja juu ya karatasi.

"Minye ni Georgette Niyongabo," alisema kwa sauti ya kusikika hadi uani. "Pudentienne alikufa mwaka wa themanini na tano, Mungu amuweke. Futa pale nilisinye. Huyu ni Pontien Ndikumana, tulifanya naye kazi miaka kumi na moja. Alikuwa anashona midomo ya magunia, na ya watu ilimushinda."

Hakuna aliyecheka. Mwanamume mmoja nyuma alipiga kelele, "Munatuchomea wote!" Mwingine akawaita wajinga. Tangu hapo, kwa kadiri gazeti hili lilivyoona, kila aliyefuata alitia sahihi mbele ya jina la marehemu wake na kuondoka haraka.

Majalada matatu, la Pontien, la Déogratias na la Georgette, ambao nao waliandika majina yao wenyewe, yamepelekwa Bukavu. Kila mmoja amepewa kipande cha karatasi chenye namba. Waliochukua njia fupi wanasema wataanza kulipwa Jumanne. Wengine wameanza kunong'ona kwamba hawatakwenda kuchukua, maana siku ya malipo ndiyo siku mtu huitwa kwa jina.

Pontien hajui kama atalipwa. Hajui pia kama amefanya kosa. Lakini mpango anao, na aliueleza huku akimalizia gunia la mwisho la siku hiyo. Kila Jumanne watakwenda ofisini kuulizia majalada yao, watatu pamoja, hakuna kwenda peke yake, na Capitoline atasimama ng'ambo ya barabara hadi watoke. Posho ikija, ya miezi miwili ya kwanza ni ya meza ya sokoni. Inayobaki itakwenda kwa daktari wa macho, kwa ajili ya lile la kushoto.

"Wakiita Ngendakumana, sitaitika, hata wakiwa wameshika pesa mukononi," alisema. "Waite Pontien. Kama ni kwa ubaya, waite vilevile. Sasa kuko watu wawili walisema mbele ya wote kwamba minye ni minye."