Wimbo wa Kisimani

Enzi zetu, miaka ile ya ruksa, safari haikuhitaji sababu. Asubuhi moja niliamka nyumbani Mshangano, pembeni mwa Songea, nikanawa uso, nikatia shati la mtumba na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko wa rambo, nikaishika barabara ya Njombe. Shule nilikuwa nimeshaiacha. Bibi aliniuliza ninakwenda wapi, nikamjibu, mbele.

"Haya," akasema. "Ila huko mbele ukilala, mtu awe anakusikia."

Vijana wa leo wangemwona bibi mshamba. Wao hutaka kujua kama kuna chaji. Sisi tulioishi naye tulijua anasema nini.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, mwalimu wetu wa sayansi alileta darasani mapafu ya mbuzi kutoka buchani. Akachomeka bua la jani la mpapai kwenye koo, akapuliza. Yale mapafu yakavimba polepole juu ya meza, yakageuka rangi ya waridi, kisha yakashuka na kutoa pumzi ndefu. Nusu ya darasa tulikuwa tumeshafika mlangoni. Mwalimu akatuita turudi, akatuambia kwamba ndani mna vifuko visivyohesabika, vyenye ngozi nyembamba kuliko utando wa yai. Hewa husimama upande huu, damu hupita upande ule, zinapeana: damu inachukua hewa nzuri, inaacha iliyotumika. Kwa siku nyingi baadaye nililala nikisikiliza kifua changu, nikiogopa kwamba nikikisahau kitasimama.

Baba mdogo Kastori alikuwa mchimbaji wa visima. Kwetu mchimbaji haingii shimoni kimya. Anaimba, na aliyekaa mdomoni mwa kisima anasikiliza. Wimbo ukiwa mzima, mtu ni mzima. Kastori aliimba wimbo mmoja tu wa kanisani, beti zote, na msikilizaji wake alikuwa mama yake, yaani bibi, ambaye alikaa pale akimenya maharage. Sauti ilitoka ardhini imenenepa, kama ya mtu mwingine anayemwigiza.

Mwaka mmoja, nikiwa bado mdogo, alichimba kisima chetu cha nyumbani, kikafika kwenye mwamba. Kastori akauwashia moto wa kuni ili upasuke, kama walivyofanya wote. Jioni mawingu yakatanda, naye akafunika mdomo wa kisima kwa mabati mvua isije kujaza shimo. Asubuhi akafunua. Moshi haukuwapo. Akateremsha kibatari kwa kamba kupima hewa, kikarudi kinawaka vizuri. Akajifunga kamba kiunoni, akashuka akiimba.

Ubeti wa kwanza ulikuwa mzima. Katika ubeti wa pili akafika katikati ya mstari, akarudi mwanzo. Akafika palepale, akarudi tena. Bibi akaacha maharage.

"Kastori, unarudia."

Chini kikasikika kicheko kidogo. "Mama, huku pazuri. Niache nilale kidogo."

"Mvuteni," bibi akasema. Hakupaza sauti. Majirani wakadhani amechanganyikiwa, kwani kibatari kilikuwa bado kinawaka. "Mvuteni, huyo si yeye anayeongea."

Alitoka amelegea kama nguo iliyoloa. Kilichotutisha ni uso wake. Midomo ilikuwa myekundu, mashavu yamenawiri, mtu mwenye afya kuliko sisi wote tuliomzunguka, na hakuamka. Wakambeba kwa machela hadi hospitali, akawekewa hewa ya mtungi, nasi tukakaa nje dirishani tukihesabu kila kifua chake kilipopanda.

Mganga mmoja wa hospitali alimweleza bibi, nami nikiwa nimemshika kanga. "Damu, mama, ni kama wachukuzi wa stendi. Kazi yao kubeba hewa nzuri kutoka mapafuni. Moto ukikosa hewa unatoa sumu isiyoonekana, isiyonuka. Wachukuzi wakiipokea hiyo, wanaikumbatia, hawaitui upesi. Mapafu yanavuta, damu inazunguka na inang'aa, lakini mzigo wa maana haufiki."

Kastori aliamka. Akatutambua sote, akarudi hata shambani. Lakini wimbo wake haukurudi mzima. Mpaka leo akiimba, anafika katikati ya mstari ule, ananyamaza, anatazama chini.

Basi jioni ya safari yangu lori la mahindi liliniteremsha Madaba, baridi ikinyonya mifupa. Nikapata chumba kwa mama mmoja mjane aliyepangisha wapita njia. Nikamwamkia shikamoo, akanipa ugali, kisha akaniletea jiko la mkaa chumbani. Makaa yalikuwa mekundu, mekundu kama midomo ile.

"Halina moshi hata kidogo, baba. Funga dirisha ulale."

Nikalibeba hadi barazani. "Utaganda, mtoto wa Songea," akacheka. Nikamsimulia habari za Kastori. Akalimwagia jiko maji. "Basi imba," akasema, "nikiwa chumbani kwangu nikusikie."

Siku hizi nyumba moja ina milango mingi, kila kijana ameziba masikio kwa vispika vyake, na kimya cha mwenzake hakimshtui. Nami hupanga vyumba ambavyo jirani hajui nimeingia saa ngapi, nalala dirisha wazi.

Jioni ile niliimba gizani wimbo ule wa kanisani wa Kastori. Nikafika katikati ya mstari ule, ulimi ukagoma. Kisha, nyuma ya ukuta, sauti ya yule mama ikaupokea wimbo palepale, ikauendeleza hadi mwisho.