Jambo la Kumi na Moja

Ipo Ijumaa moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mama yako anisamehe. Ilikuwa hapa hapa Eldoret, katika miaka ya chama kimoja, nami nilikuwa karani wa kamati katika baraza la mji. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Sasa kwa kuwa nawe umeajiriwa katika ofisi ya kaunti, na kazi yenyewe ni kuandaa karatasi za mikutano ya wakubwa, naona ni haki yako kuisikia.

Kwanza ujue nilivyokuwa. Shule niliiachia kidato cha pili. Yote niliyoyajua kuhusu kazi ya ofisi nilijifundisha mwenyewe. Kulikuwa na kitabu cha kanuni za mikutano katika kabati la mkubwa wetu, nami nilikisoma mara tatu, ukurasa kwa ukurasa, wakati wenzangu wakienda kunywa chai. Nilijua nani huketi wapi, hoja huungwa mkono vipi, na ajenda hupangwa kwa utaratibu gani. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huzipenda kanuni kupita kiasi, kwa sababu ndizo cheti chake. Hilo sikulijua wakati ule.

Siku hizo sheria ya nchi ilikataza kuuza maziwa mabichi mjini. Yote yalitakiwa yapitie kiwandani kwanza. Sasa kulikuwa na mama mmoja mkulima kutoka Sugoi, Mama Rael, mwenye ng'ombe watatu. Mvua ikinyesha, barabara ya kwao haikupitika, na lori la kukusanya maziwa halikufika. Basi alibeba mikebe miwili hadi barabara kuu, akapanda pikapu, akaja kuuza katika nyumba za mtaa wa West Indies na katika hoteli ya chai ya Mzee Noor. Askari wa kanjo, yaani wa baraza la mji, walimkamata mara mbili. Kila mara waliyamwaga maziwa mtaroni, yeye akitazama. Mara ya pili hakimu alimwambia kwamba akirudi tena hatatozwa faini, atafungwa. Mumewe alikuwa amefariki, na watoto wake wanne walikula na kusoma kwa maziwa yale.

Elewa jambo moja hapa, mwanangu. Askari wale walikuwa wetu. Baraza letu lilikuwa na askari wa kuitekeleza ile sheria, lakini halikuwa na uwezo wa kubadilisha hata neno moja ndani yake. Uwezo huo ulikuwa Nairobi, katika Bunge.

Diwani wa upande wa West Indies alikuwa Mzee Chumo, mtu mrefu, mpole, aliyezoea kuvaa koti moja la kahawia mwaka mzima. Wateja wa Mama Rael ndio waliokuwa wapiga kura wake. Alilileta jambo hilo barazani na madiwani wakakubaliana nalo bila ubishi, maana wengi wao walikunywa maziwa hayo hayo. Ikaamuliwa liwe miongoni mwa mambo tutakayowaeleza wabunge wa wilaya. Tulikuwa na desturi hiyo: Bunge lilipokaribia kufunguliwa, baraza liliwaalika wabunge na kuwaambia ni sheria zipi tungependa zibadilishwe.

Baada ya kikao hicho Mzee Chumo alinifuata mezani kwangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Karani, hiyo ya maziwa iweke juu kabisa. Hawa waheshimiwa huwa hawakai."

Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee." Na wakati ule nilimaanisha.

Lakini nilipoketi mbele ya taipu, kitabu changu kilinishinda. Mambo yalikuwa kumi na mawili, na kwa utaratibu yalipaswa kufuata mpangilio wa kamati: fedha, ujenzi, maji, nyumba, mazingira, na kuendelea. Maziwa yalikuwa chini ya afya na masoko, kwa hiyo yakaangukia namba kumi na moja. Nilisita. Nakumbuka niliitoa karatasi ya stensili kwenye taipu nikaishika mbele ya dirisha kama mtu anayekagua kitambaa. Kisha nikajiambia kwamba jambo likishaandikwa limeandikwa, na la kwanza na la mwisho yana uzito mmoja. Nikadurufu nakala thelathini. Zilipendeza sana, sitakuficha.

Ijumaa ilipofika, Mama Rael alikuja na akina mama wengine watano. Mzee Chumo alikuwa amewaambia waketi kwenye benchi la nyuma ili wabunge wawaone. Saa tatu walikuwa wameshaketi, wamevaa nguo za kanisani. Wabunge walifika karibu saa tano. Walikuwa wametoka kwenye harambee, nao hawakuomba radhi, na hakuna aliyetarajia waombe.

Meya akaanza na fedha. Fedha ikachukua muda wake. Ujenzi nao ukaleta mabishano juu ya mipaka ya mji. Maji na nyumba yakapita haraka, nikapata matumaini kidogo. Kisha tukafika namba tano, yaani sheria ya mbwa wanaozurura, nikaona jambo ambalo kitabu changu hakikuwa nalo. Kila mtu ukumbini alikuwa na habari ya mbwa. Diwani mmoja alisimulia mbwa aliyeingia kanisani wakati wa sadaka. Mwingine akasema wa jirani yake amekula kuku saba na bado anatazamwa kama mgeni. Mbunge mmoja akasema yeye anaogopa kuwagusa mbwa wa Eldoret, kwa sababu jinsi alivyowaona wengi, siku moja watajiandikisha kupiga kura. Watu wakacheka, hata mimi. Dakika arobaini zikaenda.

Dereva akaingia, akamnong'oneza mmoja wa wabunge. Meya akatazama saa yake, kisha akatangaza kwamba waheshimiwa wanangojewa kwa chakula, na kwamba mambo yaliyobaki yachukuliwe kama yalivyoandikwa.

Mzee Chumo akasimama. Alisema kwamba kuna jambo moja asingependa lipite bila kutamkwa. Meya alimwambia akae, kwani kila kitu kiko kwenye karatasi. Mzee hakukaa mara moja. Meya akamuuliza, bado akitabasamu, kama ana neno dhidi ya kiti cha meya. Miaka ile swali kama hilo halikuwa dogo. Diwani aliweza kuitwa mbele ya wazee wa chama wiki iliyofuata aeleze kwa nini analeta mgawanyiko, na wapo waliopoteza viti vyao kwa makosa mepesi zaidi. Mzee Chumo akaketi. Nilimwona akikunja ile karatasi yangu nzuri mara mbili, taratibu.

Watu walipotoka, nilibaki nikikusanya nakala. Mama Rael akaja mbele.

"Karani, yetu imepita?"

Nikamwambia ipo kwenye karatasi, namba kumi na moja.

"Nimeketi pale tangu saa tatu," akasema. "Nimesikia mbwa. Sikusikia maziwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba masikio yake hayana kasoro. Nami nikainama kuokota karatasi ambayo haikuwa imeanguka.

Mzee Chumo alikuwa akinisubiri nje kwenye ngazi. Aliifungua ile karatasi na kuniuliza ni nani aliyeipanga. Nikaanza kumweleza utaratibu wa kamati. Aliniacha nimalize. Alikuwa na adabu hiyo, ya kumwacha mtu afike mwisho wa ujinga wake. Kisha akasema maneno ambayo ninayo mpaka leo.

"Kijana, wewe umepanga karatasi. Mimi nilikuomba unipangie saa. Tulikuwa na saa moja tu ya watu hawa kwa mwaka mzima, na umewapa mbwa."

Nikasema nitaandika barua. Akatikisa kichwa.

"Barua itakaa. Mimi nimeambiwa nikae. Wewe hakuna aliyekuambia ukae. Wako hotelini wanakula. Nenda na huyu mama."

Mwanangu, nilikuwa karani mdogo. Kumfuata mbunge nje ya mkutano bila kutumwa na mkubwa wangu kulitosha kunifukuzisha kazi. Mama Rael ndiye aliyeanza kutembea, nikaona aibu kubaki.

Tulingoja nje ya hoteli, kando ya magari ya wabunge. Yule mbunge aliyetania habari za mbwa alipotoka, nilimsalimu na kumwambia kwamba kosa ni langu, kuna jambo halikusikika. Alitazama saa. Kisha akamtazama Mama Rael na kumuuliza anataka Bunge limfanyie nini.

"Nataka niuze maziwa bila kukimbia, Mheshimiwa."

Akaniuliza jambo hilo lilikuwa namba ngapi. Nikamwambia kumi na moja.

"Na mbwa?"

"Tano, Mheshimiwa."

Hapo hakucheka. Aliegemea mlango wa gari akaniuliza ni kifungu gani cha sheria ya maziwa kinachomzuia huyu mama. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipojijua. Kifungu cha sheria ya mbwa nilikuwa nacho kichwani. Mipaka ya mji niliijua kwa namba. Kuhusu maziwa nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu, na sikuwa nimefungua kitabu chochote, wala sikuwa nimemuuliza huyu mama hata swali moja.

Mbunge akasema hawezi kusimama mbele ya waziri na machozi ya mtu peke yake. Anataka kifungu, na karatasi moja tu. Akanipa hadi Jumatatu. Akasema pia, kwa uaminifu ambao bado ninamheshimia, kwamba nisimwahidi mama kitu, maana jambo lenyewe lina wenyewe huko juu, na yeye ni mtu mmoja.

Jumamosi nilikwenda Sugoi. Niliuliza barabara ile hufungika miezi mingapi, lori hukoma wapi, na maziwa ya jioni huenda wapi. Jumapili nilisoma sheria yenyewe. Jumatatu nilimpelekea ukurasa mmoja, na juu yake hapakuwa na namba yoyote, kwa kuwa lilikuwa jambo moja. Mkubwa wangu alipopata habari alinipa onyo la maandishi. Nililistahili kwa kanuni, na sikulijutia.

Ningependa kukuambia kwamba sheria ilibadilika. Haikubadilika. Kabla Bunge halijafunguliwa, Mama Rael alikamatwa mara ya tatu, akafungwa siku kumi na nne. Mbunge aliuliza swali lake baadaye, na waziri akajibu kwamba serikali inalitazama jambo hilo. Iliendelea kulitazama kwa miaka mingi, mpaka mambo mengi ya nchi yalipoanza kulegezwa, na hilo likalegezwa pamoja nayo. Kama lingesemwa mapema ile Ijumaa, mbele ya wabunge wote na akina mama wakiwa pale nyuma, lingekwenda tofauti? Sijui. Huo ndio mzigo wangu, kwamba siwezi kujua.

Mama Rael alipotoka jela, nilikwenda kwake na nakala ya kumbukumbu za Bunge, nikamsomea lile swali neno kwa neno, nikitafsiri kutoka Kiingereza. Akaniomba nirudie pale palipotajwa akina mama wanaobeba mikebe hadi barabarani. Nikarudia. Kisha akaenda ndani, akaniletea kikombe cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, akasema, "Sasa wamesikia. Kutenda ni kwao." Sijawahi kunywa kitu kwa shida kama kile kikombe.

Basi mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Utapanga ajenda nyingi, na kanuni utazifuata, maana ofisi bila kanuni ni vurugu. Lakini kabla hujapiga chapa, jiulize ni nani kati ya hawa wote hawezi kungoja mkutano ujao, na lake ndilo lisemwe watu wakiwa bado wana nguvu. Usiamini kwamba kilichoandikwa kimesikika. Nenda ukamwone yule unayeandika habari zake, umuulize, ujue jambo lake kama unavyojua ya wakubwa. Na ukikosea, tembea siku hiyo hiyo ukaseme, "Kosa ni langu."

Mungu akupe sikio la kuwasikia walioketi nyuma. Akupe wakubwa wenye subira na mzee mmoja wa kukukemea bila kukuchukia. Nyumba yako isikose maziwa, na wanao wasikose wa kuwasemea.