Moja Zangu na Tano za Athumani

Harufu ya firigisi inayobanikwa juu ya makaa haifanani na harufu ya nyama nyingine. Ina ukali kidogo, kama chumvi iliyoungua, na ikishaingia puani haitoki upesi. Wajukuu zangu wanajua kwamba babu yao anaweza kuwa amelala fofofo kibarazani, lakini harufu hiyo ikitokea jikoni atafumbua macho na kuuliza kuku amechinjwa kwa ajili ya nani. Wananicheka, wakidhani ni uroho. Sikatai, uroho upo. Lakini harufu hiyo hunirudisha kwenye nyumba ya mjomba wangu, juu mlimani, katika siku zile za Wajerumani nilipokuwa mwanafunzi bora kuliko wote na hakuna mtu hata mmoja aliyekubali.

Wakati huo reli ilikuwa imeshaupita mji wa Morogoro na inazidi kwenda bara, na baba yangu, kibarua wa reli, alikuwa anakwenda nayo. Inavyosogea, naye anasogea. Mimi nilikuwa naishi mjini na mama yangu, pamoja na Athumani, mtoto wa mama yangu mdogo. Mama yake alifariki Athumani akiwa bado ananyonya, kwa hiyo tulilelewa mkeka mmoja na sahani moja. Alikuwa mkubwa wa mwili, mpole, mwenye kicheko cha taratibu. Mimi nilikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa mdomo.

Asiyewajua Waluguru nimweleze jambo moja, maana bila hilo hatanielewa. Kwetu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Baba anakuzaa, anakupenda, anakununulia kanzu, lakini mwenye neno la mwisho juu yako ni mjomba. Hata kama baba angekuwepo, asingeweza kusema niende au nibaki. Angesema muulizeni mjomba wake. Na mjomba wetu, mimi na Athumani, alikuwa Mjomba Kobelo, mkulima wa maharage na ndizi chini kidogo ya kilele cha Bondwa, mvuta ugoro, mpenda mzaha, mtu ambaye hukujua lini anasema kweli na lini anakuchezea.

Shule yetu ilikuwa ya serikali, karibu na boma. Tuliandika kwenye vibao vya jiwe, na kalamu zilipokuwa zinakwaruza pamoja meno yalikuwa yanatusisimka. Mwalimu alikuwa mtu wa Tanga, mwenye kanzu nyeupe siku zote na kiboko asichokitumia sana, kwa sababu ulimi wake ulitosha. Sasa Wajerumani walikuwa na hesabu yao ya ajabu. Mwanafunzi aliyefanya vizuri kupita wenzake alipewa moja. Aliyefuatia, mbili. Aliyeshindwa kabisa alipewa tano. Sisi darasani tulishazoea, hatukuona ajabu yoyote.

Mtihani wa mwisho ulipokwisha Mwalimu alitusomea namba zetu kwa sauti. Mimi nilipata moja ya kusoma, moja ya hesabu, moja ya kuandika na mbili ya kuimba, maana sauti yangu ilikuwa ya mbuzi. Athumani alipata tano ya kusoma, tano ya hesabu, tano ya kuandika na nne ya kuimba. Kisha Mwalimu akafunga mikono nyuma akatuambia kwamba wenye namba nzuri watachukuliwa kwenda shule kubwa ya Tanga. Wakitoka huko watakuwa makarani, walimu, hata maakida wa kusimamia vijiji kwa niaba ya serikali. Wengine, akasema, jembe linawajua. Akataka wazee wetu waje Ijumaa ya wiki inayofuata, kila mzee amtoe mtoto anayemruhusu kusafiri.

Nilitoka pale miguu haigusi chini. Nilikwisha kujiona na kalamu sikioni.

Kesho yake tulipanda mlimani na mama. Njia ilifuata mto, kwenye mawe yenye ukungu wa kijani na magimbi ya porini, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyotukaza ngozi. Ukigeuka nyuma uliuona mji mdogo kama kitambaa kilichoanikwa, na moshi wa treni ukitokea upande wa Kingolwira. Mimi nilikuwa mbele nikiimba kwa ile sauti yangu ya mbili. Athumani alikuwa nyuma amebeba mzigo wa mama, kimya.

Mjomba Kobelo alichinja kuku kwa kutupokea. Tulipomaliza shikamoo na marahaba, na majirani wawili watatu wa ukoo wakiwa wamekaa, aliuliza habari za shule. Nikamwambia namba zimetoka. Akasema haya, semeni. Nikajinyoosha, nikataja zangu moja baada ya nyingine kama mtu anayeweka sahani za kaure mezani.

Mwanamke mmoja akaguna kwa huruma.

“Moja?” Mjomba akauliza. “Moja tu? Na wewe, Athumani?”

Athumani akaangalia miguu yake. “Tano,” akasema. “Tano, tano, na nne.”

Vigelegele vilipigwa, nakuambieni, mpaka kuku waliobaki wakakimbia uani. Mtoto yatima, mtoto asiyesema, kumbe ndiye mwenye kichwa! Nilipiga kelele kwamba mmekosea, kwamba kwa Wajerumani moja ndiyo kubwa na tano ni aibu. Walinicheka kwa upendo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mzee mmoja akaniuliza kama mtu akivuna tenga moja na mwenzake akavuna matenga matano, nani mkulima. Hata mama yangu alinishika bega akaniambia nisione vibaya, mwaka mwingine upo.

Mjomba akavuta ugoro, akapiga chafya, akaniambia, “Mpwa wangu, asiyekubali kushindwa si mshindani.”

Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani mwangu. Firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtu anajua. Hata wageni wakubwa waliokuja kwa Mjomba walikula paja. Lakini jioni ile aliitoa kwenye makaa kwa vidole vyake, akaipuliza, akaiweka kwenye kiganja cha Athumani. Athumani akanitazama. Kisha akaila yote, polepole, akalamba vidole. Harufu ikabaki kwangu.

Mjomba akatangaza kwamba lukolo inaweza kumwachilia mmoja tu. Mmoja aende Tanga, mwingine abaki na mashamba ya bibi zetu, maana ardhi isiyo na mtu hupata mtu mwingine. Ijumaa atateremka mwenyewe shuleni kumtoa anayestahili. Wote wakamwangalia Athumani.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Tulikuwa tunapalilia maharage kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukiteleza unaondoka na mstari mzima. Kila aliyepita njiani alimwita Athumani, akampa mkono, akamuuliza atakapokuwa akida kama atawakumbuka. Wanawake walimletea ndizi mbivu. Mimi niliambiwa nijitahidi. Nilimfuata Mjomba mara kwa mara nikimweleza habari ya moja na tano, nikachora mpaka kwenye udongo, naye kila mara alinisikiliza kwa makini sana, akatikisa kichwa, akasema Wajerumani ni watu wa ajabu kweli, kisha akaniambia nirudi kwenye maharage.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. Nilitupa jembe nikamwambia Athumani kwamba anajua kweli na amekaa kimya, kwamba atakwenda kuaibika Tanga, asome nini huko na hata jina lake analiandika kinyumenyume. Nilidhani atanipiga, na mkono wake ulikuwa mzito.

Aliendelea kung'oa magugu. Kisha akasema, “Najua, Rama. Namba zangu nazijua. Lakini tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenipigia kigelegele. Niachie wiki hii. Ijumaa Mwalimu atasema kweli, utakwenda zako.”

Nilikuwa na majibu mengi ya kujitetea, lakini si ya ombi la namna hiyo. Niliokota jembe, na kuanzia hapo mtu akimsifu Athumani mbele yangu nilinyamaza. Usidhani nilikuwa mtakatifu. Nilinyamaza huku nikiogopa, kwa sababu mimi sikuwa na hakika aliyokuwa nayo Athumani kwamba Mwalimu angesema chochote. Mzee wa ukoo akimtoa mtoto, nani atamwambia amekosea?

Ijumaa tuliteremka watatu. Uwanja wa shule ulijaa wazee na wajomba, kila mmoja na mtoto wake, wengine wamevaa vizuri kama siku ya Idi. Mjerumani mmoja wa boma alikaa kwenye kiti akijipepea kwa kofia. Mwalimu alikuwa anaita ukoo kwa ukoo, na wala hakutaja namba za mtu. Aliuliza tu, “Mzee, unamtoa nani?”

Ilipofika zamu yetu Mjomba alikuwa amemshika Athumani mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Nilifumba macho. Nilisikia Mwalimu akiuliza, kisha nikahisi kiganja kigumu mgongoni kikinisukuma mbele mpaka nikakaribia kumkanyaga Mjerumani.

“Huyu,” alisema Mjomba.

Basi. Hakuna aliyemsahihisha, hakuna aliyemnong'oneza. Furaha iliniziba masikio, nikalia na kucheka pamoja. Athumani alinibeba begani akanizungusha uwanjani. Ungeniuliza siku ile kwa nini Mjomba alibadili mawazo, nisingeelewa hata swali. Mtoto akipata alichokililia haulizi kimepita njia gani.

Nilikwenda Tanga, kwa treni kisha kwa meli ya moshi, na huko nikakutana na moja wenzangu kutoka kila mji wa nchi hii. Mtihani wa kwanza nilipata nne. Nilikaa nyuma ya jengo la shule nikacheka peke yangu, maana niliona kwamba kule mlimani ningepigiwa vigelegele. Baadaye nilijikaza nikapanda mpaka mbili, nikatoka, nikawa karani wa stesheni. Kazi nzuri, kofia nzuri. Sitaki kuwadanganya kwamba namba hazina kazi. Bila zile moja nisingeliona darasa la Tanga, na nilichojifunza kule kimenifaa mpaka leo.

Lakini vita vilikuja, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia. Nilikwenda kwa bwana mpya kuomba kazi yangu, nikamtajia masomo yangu na namba zangu zote. Alinisikiliza kwa adabu akaniuliza kama najua Kiingereza. Sikujua hata neno. Kofia iliishia hapo. Nikarudi Morogoro, nikapanda ile njia ya mto nikiwa mtu mzima, mikono mitupu, nikijiuliza nitapokelewaje na watu walioniona naondoka kwa kujigamba.

Athumani alinipokea njiani. Alikuwa ndiye mwenye mashamba yote sasa, watu wakimwita kuamua mambo yao. Hakuniuliza nimeleta nini. Alinionyesha kipande cha mteremko karibu na maji, akasema ni changu, alikuwa anakilima kwa ajili yangu tangu mwaka ule nilioondoka ili kisiote msitu. Nimeishi kwa kipande hicho, nimeoa nikiwa nacho, nimesomesha nacho watoto. Nimekuwa mtu mwenye furaha, nalisema bila kuogopa kijicho.

Siku moja nilimkuta Mjomba Kobelo, mzee sana sasa, anachambua maharage mlangoni. Ndipo swali lile lilipokuja, limechelewa miaka. Nikamuuliza nani alimwambia kwamba moja ndiyo kubwa.

Alicheka mpaka ugoro ukampalia. “Nimebeba mizigo ya Wajerumani kabla mama yako hajaolewa,” alisema. “Wapagazi tulipangwa kwa namba. Wa kwanza alikuwa namba moja. Unadhani sikujua?”

“Sasa Mjomba, kwa nini ukaniacha nichekwe wiki nzima?”

Akapuliza makapi ya maharage, hakuwa na haraka. “Wewe ulikuwa unaondoka, Rama. Anayebaki alikuwa yeye. Ningemwacha abaki na aibu yake, akuone unapanda treni na sifa zote, wewe ungerudi kwa nani?”

Miaka yote nilidhani nilimwazima Athumani wiki yangu moja, kumbe mzee huyu alikuwa ananitunzia ndugu. Niligeuka nikatazama mteremkoni. Athumani alikuwa ameinama kwenye shamba langu, anamalizia mstari nilioushindwa asubuhi, kwa sababu alijua mgongo wa karani haufiki mwisho.