Wembamba Wanakula Nyungunyungu

Ilga Wermann hakuwa na bahati na vitu vyenye miguu. Mumewe, Selvino, aliangukiwa na trekta mlimani akafa. Ng'ombe waliisha kwa ugonjwa. Binti yake wa pekee, Marlise, akaenda chuo kikuu huko bondeni na kuanza kuja nyumbani Jumapili tu, ananukia manukato, anatembea kwa ncha za vidole asichafue viatu. Kilichobaki kuwa cha Ilga, chake kabisa, ni nyungunyungu.

Msicheke. Vilikuwa vitalu vinne vya matofali nyuma ya nyumba, alivijenga kwa mikono yake. Aliwalisha samadi iliyopoa, maganda ya viazi na majani ya mate, ile chai yetu ya kusini, aliyokwisha kuyanywa, nao wakampa mboji nyeusi, laini, ambayo wakulima wa kijiji kizima cha Linha Araçá waliifuata kwa mikokoteni. Mwanamke aliyetolewa shule darasa la nne akafunge tumbaku, leo wanaume wazima wenye ndevu zao wanamwita Dona Ilga na kumuuliza saladi ipandwe lini. Heshima nyingine hakuwa nayo. Na Marlise alisomeshwa kwa mboji hiyo hiyo.

Adui wa vitalu alikuwa mnyoo bapa. Kule kwetu kusini mwa Brazili, mvua ikishinda siku tatu, inua ubao wowote utamkuta amelala chini yake, anateleza kama kamasi. Wengine waliwamwagia chumvi wote bila kuuliza. Ilga hapana. Yeye alichuchumaa akawatazama, mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi, mpaka akawajua.

Jumapili moja Marlise alimkuta kitaluni na kopo la chumvi.

"Mama! Unafanya nini?"

"Naua mwizi. Huoni alivyo mwembamba?"

"Siku hizi wembamba ni kosa?"

"Kwa hawa, ndiyo. Wapana siwagusi, wananimalizia konokono kwenye saladi. Mpana anamfunika konokono kama blanketi, hachomoki. Mwembamba anaingia shimoni kumfuata nyungunyungu. Sasa yule mpana ataingiaje shimoni, mwanangu? Kwa kukunjwa?"

Marlise alicheka mpaka akashika tofali asianguke. "Jamani Mama, umbo si menyu! Nani kakwambia?"

"Macho yangu."

"Macho yako yana darasa la nne."

 Binti wa pekee, msomi wa ukoo, utamjibu nini? Marlise akamnyang'anya kopo, akamwapisha: hakuna kutia chumvi hata chembe, mwaka mzima. Minyoo hao ndio masomo yake. "Ukiua hata mmoja, Mama, umeniua mimi." Ilga akaapa, mjinga wa watu.

Tangu hapo Marlise alikuja kila Jumapili na daftari. Aliwapima minyoo urefu na upana, akahesabu nani kamla nani, akaandika. Kufika Machi kitalu cha kwanza kilikuwa kitupu. Ukichota mboji hupati hata nyungunyungu mmoja wa kukupapatikia kiganjani.

"Marlise, na cha tatu kinakwisha," Ilga alimwambia. "Niruhusu chumvi kidogo. Kimoja tu nikiokoe."

"Vumilia, Mama. Ndio kwanza kinanoga."

Kinanoga! Mtoto uliyemzaa! Wakulima walikuja mara mbili, wakaona mboji imekuwa mabonge, mara ya tatu wakapita moja kwa moja kwa jirani. Wala hakuna aliyeuliza tena saladi ipandwe lini. Ilga, na miaka yake sitini na mmoja, akaenda kubandika soli kwenye kiwanda cha viatu, na gundi ikamtia kikohozi ambacho hakijamwacha hadi leo.

Siku ya Marlise kutetea tasnifu yake, Ilga aliomba ruhusa kiwandani. Alivaa gauni la kanisani, akaoka kuka, ile keki ya siku kubwa, akakaa safu ya tatu ya ukumbi wa chuo ameipakata. Ukutani ikatokea picha ya kitalu chake. Marlise akaeleza, tena vizuri: mnyoo mpana humfunika konokono, mwembamba humfuata nyungunyungu shimoni. Ilga akajikuta anatikisa kichwa kukubali, moyo umemjaa. Sasa, alijiambia, sasa atanitaja.

Profesa mmoja akauliza, "Kitalu hiki kilikuwa kinatunzwa?"

"Hapana, profesa. Kilitelekezwa. Kipo shambani kwa mwenyeji mmoja."

"Na hili wazo la kuangalia umbo, zuri sana, ulilitoa wapi?"

Marlise alitupa jicho safu ya tatu, upesi, kisha akayarudisha macho kwenye karatasi. "Katika kusoma, profesa."

Ilga akasimama. 

"Hakikutelekezwa," alisema. "Nilikuwepo kila siku. Nilikatazwa."

Watu wakageuka. Profesa akashusha miwani, akauliza kwa upole, "Samahani, bibi. Wewe ni nani?"

 Ilga alimtazama binti yake, akampa nafasi aseme yeye. Lilikuwa neno moja tu, na mtoto hulijua kabla ya kuota meno. Marlise akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Mwenyeji mmoja," Ilga akasema, akatoka na kuka yake.